Kiswahili cha Mdogo Wangu na Mawimbi ya Ubongo Wake

Wa kwanza kugundua alikuwa Mama, naye alikuwa Tanga. Alinipigia saa tano usiku kwa saa za London. Kwake ilikuwa saa nane usiku, saa ambayo hapigi simu ila kuna msiba. Hakuuliza wajukuu, hakuuliza baridi. Alisema, "Mwanangu, mdogo wako ana nini? Nimeongea naye leo mara mbili. Anasema kikombe yangu. Anasema mvua amenyesha."

Najua kuna wasomaji watakaotabasamu. Watoto wangapi waliokulia Barking au Lewisham wanasema "kikombe yangu", na wazazi wao wanamshukuru Mungu kwamba wanasema Kiswahili chochote? Nyumbani kwetu haikuwa hivyo. Tulikuja London mimi nikiwa na miaka 12 na mdogo wangu akiwa na miaka 6, na Mama aliweka sheria moja: mlangoni unavua viatu na Kiingereza. Mdogo wangu alisoma shule za hapa tangu darasa la kwanza, Kiingereza chake ni cha mtu wa kusini ya London kabisa, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga, chenye kila kitu mahali pake. Mama alipostaafu akarudi kwao Chumbageni, wakawa wanaongea kila siku. Kwa hiyo Mama aliposikia "mvua amenyesha" hakusikia kosa la sarufi. Alisikia kitu kimeanguka ndani ya nyumba.

Nilikuwa nimeshaona mambo mawili matatu mwenyewe. Alikuwa anasimama katikati ya sentensi, anatazama mbele kwa sekunde kumi hivi, kisha anaendelea na jambo jingine. Alikuwa anatafuta majina ya vitu: "nipe ile, ile ya, ile." Alikwenda kwa daktari wa zamu, akaambiwa ni uchovu. Na kweli uchovu upo. Mdogo wangu ana MS, maltipo sklerosisi, na mwenye MS akisema amechoka hakuna anayeshangaa.

Niseme kidogo juu ya ugonjwa wenyewe, maana wengi wetu kule nyumbani hatukuwahi kuusikia. Mishipa ya fahamu imefunikwa na utando wa mafuta uitwao mayelini, kama waya wa umeme ulivyofunikwa na plastiki. Katika MS, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inaugeukia utando huo na kuuguguna. Leo jicho halioni vizuri, baada ya miezi sita mguu unakufa ganzi, baada ya mwaka mkono. Mashambulizi huja na kuondoka, na kila moja linaweza kuacha kovu. Mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba duniani wapo watu milioni 2.8 wenye ugonjwa huu, na hapa Uingereza ni zaidi ya 130,000.

Shangazi yetu mmoja alisema ni kijicho, kwa sababu Mama alikuwa amejenga. Sikumbishia sana, kila mtu huogopa kwa lugha anayoijua. Lakini nilimwambia kuhusu utafiti wa mwaka 1990 wa Marta Elian, Sylvia Nightingale na Geoffrey Dean, ambao waliwaangalia watoto waliozaliwa Uingereza na wazazi waliotoka Bara Hindi, Afrika na visiwa vya Karibi. Wazazi waliohamia hapa wakiwa watu wazima walikuwa wakiugua MS kwa nadra. Watoto wao waliozaliwa hapa waliugua kwa kiwango kilichokaribia cha wenyeji. Tafiti nyingine za wahamiaji zilionyesha kwamba anayehama akiwa mdogo huelekea kuchukua hatari ya nchi anayokulia. Jua kidogo, vitamini D, virusi vya utotoni, yote yanatajwa. Mimi nilikuja na miaka 12, yeye 6. Sijui kama hiyo miaka sita ndiyo tofauti yetu, ila nimeifikiria mara nyingi nikiwa nimelala.

Mdogo wangu alipata mashambulizi mawili mabaya ndani ya mwaka mmoja, na madaktari wakampa natalizumabu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la biashara, Tysabri. Ni dripu ya saa moja, kila baada ya wiki nne. Kwake ilikuwa kama muujiza. Miaka minne na nusu bila shambulio hata moja. Alirudi kazini kwenye shule ya chekechea, akaanza tena kupanda ngazi za stesheni bila kushika chuma.

Dawa hii hufanya kazi kwa njia rahisi kueleza. Chembe nyeupe za damu, zile zinazoushambulia utando, huingia kwenye ubongo kwa kujishika kwenye kuta za mishipa ya damu na kupenya. Natalizumabu hufunika ile sehemu ya kujishikia. Chembe zinapita tu na damu, haziingii. Ubongo unapumzika.

Shida ni kwamba walinzi wakizuiwa mlangoni, hawazuiwi kwa ubaya wao tu. Zaidi ya nusu ya watu wazima duniani wamewahi kuambukizwa kirusi kiitwacho JC, kilichotambuliwa mwaka 1971 na kupewa herufi za jina la mgonjwa aliyekuwa nacho. Kinakaa kimya kwenye figo na mahali pengine, na mtu anazeeka na kufa bila kukijua. Ila doria ya kinga ikikosekana ubongoni, kirusi hiki kinaweza kubadilika, kikaingia huko na kuanza kuua seli zinazotengeneza mayelini. Ugonjwa huo huitwa PML. Ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1958, kwa wagonjwa wa saratani za damu. Baadaye, ukimwi ulipokuja na kabla dawa za kufubaza hazijapatikana, PML ikawa moja ya vifo vyake vibaya. Hakuna aliyetegemea kuiona kwa wagonjwa wa MS.

Tysabri iliruhusiwa Marekani Novemba 2004. Februari 2005 ikaondolewa sokoni, kwa sababu wagonjwa waliokuwa kwenye majaribio walipata PML. Juni 2006 ikarudishwa kwa masharti, na mwezi huohuo Ulaya ikaikubali. Tangu hapo hesabu ya hatari imekuwa sehemu ya maisha ya kila anayeitumia. Kuna mambo matatu yanayoulizwa: damu yako ina kingamwili za kirusi cha JC, na kwa kiwango gani? Umetumia dawa kwa zaidi ya miaka miwili? Uliwahi kutumia dawa nyingine za kushusha kinga? Asiye na kingamwili, hatari yake inakadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 10,000. Mwenye namba iliyozidi 1.5 na aliyepita miaka miwili, hatari inahesabiwa kwa watu kadhaa kati ya 1,000, na inapanda kadiri miaka inavyoongezeka.

Mdogo wangu alianza akiwa hana. Mwaka wa nne namba ilikuwa 1.9. Walimweleza kila kitu, wakatanua nafasi ya dripu kutoka wiki nne hadi sita, jambo linaloonekana kupunguza hatari, na wakaanza kumpiga picha ya MRI kila baada ya miezi michache. Alikaa na ile karatasi mezani kwangu, akasema, "Dada, bila hii dawa nitakaa kwenye kiti cha magurudumu. Na hii dawa labda nitakufa. Labda iko mbali, kiti kiko karibu." Akaendelea. Ningekuwa yeye ningeendelea pia.

Asubuhi baada ya simu ya Mama nilimpigia nesi wake wa MS. Aliuliza anayouliza siku zote: miguu, macho, mkojo, usawa. Nikasema hakuna. Kisha nikasema, nikijua linasikika la ajabu, kwamba mama yetu anasema Kiswahili chake kimeharibika. Nesi alinyamaza kidogo, akauliza, "Kimeharibika vipi? Niambie kwa mifano." Nikamwambia: majina ya vitu na viungo vya sentensi havipatani tena, jambo ambalo hakuwahi kulikosea hata mtoto. Nikamwambia na kule kutazama mbele.

Namshukuru mwanamke yule mpaka kesho. Alisema dripu ya wiki ile isimame, na MRI ikapangwa siku mbili baadaye.

Nimejaribu baadaye kuelewa kwa nini Kiswahili ndicho kilichotangulia kupasuka. Daktari wa mishipa ya fahamu alinieleza hivi: kwa mtu wa lugha mbili, ile anayoitumia kutwa nzima ina njia nyingi ubongoni na inaweza kuvumilia jeraha dogo kwa muda. Lugha ya nyumbani, inayosemwa saa moja kwa siku na mama kwenye simu, haina akiba hiyo. Hospitalini walimpima kwa Kiingereza. Taja wanyama, taja vitu vinavyoanza na herufi F. Alipita, kwa shida kidogo. Kama si Mama, mtihani ungemwonyesha mtu aliyechoka.

Picha ya MRI ilionyesha doa upande wa kushoto, karibu na sikio, eneo ambalo kwa watu wengi ndiko lugha inakokaa. Lilikuwa dogo. Mtaalamu wa picha aliandika kwamba linaweza kuwa doa jipya la MS na linaweza kuwa kitu kingine. Hapo ndipo penye kitanzi. Kama ni MS, kusimamisha dawa ni kufungulia mlango mashambulizi. Kama ni PML, kila dripu inayoongezwa ni kuni kwenye moto. Dalili zinafanana, na doa likiwa dogo hata picha zinafanana.

Kwa sababu ya kule kutazama mbele, waliomba kipimo cha tatu: EEG, kurekodi mawimbi ya ubongo.

Barua ilikuja na maelekezo: nywele zioshwe, zisipakwe mafuta, zisiwe na nyongeza. Mdogo wangu alikuwa amesuka rasta nyembamba wiki mbili zilizopita, saa nane za kukaa na pauni 120. Tulifumua usiku kucha, mimi na binti yangu, mmoja kila upande. Alilia kwa ajili ya zile rasta kuliko alivyolia kwa ajili ya doa, nami nilimwelewa. Kisha nikamsuka twende kilioni, njia pana, ili ngozi ionekane. Fundi wa kipimo alipomwona alifurahi waziwazi. Alituambia wateja wengi wenye nywele kama zetu hurudishwa nyumbani au hupimwa vibaya kwa sababu elektrodi haigusi ngozi. Marekani kuna mhandisi kijana mweusi, Arnelle Etienne wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, aliyelivalia njuga jambo hili: yeye na wenzake walitengeneza elektrodi zinazojibana kati ya njia za twende kilioni, wakaziita Sevo, neno la Kikreoli cha Haiti lenye maana ya ubongo, na andiko lao lilitoka mwaka 2020. Hospitali yetu haikuwa nazo. Ilikuwa na gundi nzito na fundi mvumilivu. Kama wewe au mwanao mmepangiwa EEG, piga simu mapema uulize kuhusu nywele, na msuke njia pana.

Kipimo chenyewe hakiumi. Waya ishirini na ushee zinabandikwa kichwani kwa vipimo maalumu, kila moja umbali wa asilimia 10 au 20 ya kichwa kutoka kwa mwenzake, utaratibu ambao Herbert Jasper aliuchapisha mwaka 1958. Unafumba macho, unafumbua, unapumua kwa nguvu dakika tatu, unawashiwa taa inayomweka. Hakuna kinachoingia kichwani. Mashine inasikiliza tu. Inachosikiliza ni kidogo mno, sehemu za milioni za volti moja. Mjerumani Hans Berger alikirekodi kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924 mjini Jena, akakaa nacho miaka mitano kabla ya kukichapisha, akiogopa kuchekwa, na alipochapisha wengi hawakumjali kwa muda.

Halafu kuna jambo la hapahapa London ambalo mimi, niliyepita Denmark Hill kwa basi kwa miaka kumi, sikuwahi kulijua. Mwaka 1936, katika hospitali ya Maudsley, kijana aitwaye Grey Walter alionyesha kwamba uvimbe ubongoni unaweza kutafutwa kwa mawimbi haya bila kupasua fuvu. Uvimbe wenyewe haupigi wimbi. Ila ubongo unaouzunguka, ulioumizwa, hupiga mawimbi makubwa ya polepole, ambayo aliyaita delta. Ubongo wa mtu mzima aliye macho na aliyefumba macho hupiga kisogoni mawimbi 8 hadi 13 kwa sekunde. Delta ni chini ya 4. Kwa mtu aliyelala usingizi mzito ni kawaida. Kwa mtu aliye macho, upande mmoja tu, maana yake kuna jambo chini yake.

Daktari alituonyesha kwenye skrini. Upande wa kulia mistari ilikuwa myembamba na ya haraka, kama mwandiko wa karani. Upande wa kushoto ilikuwa inapanda na kushuka kwa uvivu, mawimbi mawili, matatu kwa sekunde, na si mahali pa doa tu bali eneo pana kuliko doa. Mdogo wangu aliangalia muda mrefu. Akasema kwa Kiingereza, "Upande ule umelala."

Niliuliza swali ambalo kila mtu angeuliza: kwa hiyo ni PML? Daktari alijibu kwa uangalifu, na jibu lake ndilo ninalotaka kila familia iliyo katika hali yetu ilijue. EEG haisemi jina la ugonjwa. Kirusi, uvimbe, kiharusi, doa kubwa la MS, vyote vinaweza kupiga delta. Kwa wagonjwa wa PML mawimbi ya polepole huonekana mara kwa mara, lakini hakuna anayethibitisha PML kwa EEG, na EEG safi haimwondolei mtu wasiwasi. Kipimo kikuu cha kulinda watumiaji wa dawa hii ni MRI, na cha kuthibitisha ni kuvuta maji ya uti wa mgongo na kutafuta chembe za urithi za kirusi cha JC. Lakini EEG ilikuwa imesema jambo moja ambalo picha haikusema: ubongo unaumia kwa eneo kubwa kuliko doa linavyoonekana. Doa dogo la MS kwa kawaida halipigi kelele namna hiyo. Kwa hiyo hawakusubiri.

Maji ya kwanza ya uti wa mgongo hayakuonyesha kirusi. Nilitaka kusherehekea. Walitukataza, wakasema mwanzoni kirusi huwa kichache na kipimo kinaweza kukikosa. Wiki mbili baadaye walivuta tena, na kilikuwepo.

PML haina dawa inayoua kirusi chake. Tiba ni kuirudisha kinga ubongoni, yaani kuacha Tysabri, na kusubiri. Madaktari hawakubaliani kama kuchuja damu ili kuiondoa dawa haraka kunasaidia. Wa kwetu waliamua kuchuja, mara tano. Kati ya wanaopata PML kutokana na dawa hii, takriban mmoja katika wanne au watano hufariki, na wanaogunduliwa mapema, dalili zikiwa chache au hazipo, huwa na nafasi nzuri zaidi. Tulikuwa kati ya mapema na si mapema sana.

Kisha kinga inarudi, na inarudi kwa hasira. Inakuta kirusi kimejaa nyumba, inapigana, na ubongo unavimba. Tulionywa kwamba wiki hizo zinaweza kuwa mbaya kuliko ugonjwa wenyewe. Ilikuwa wiki ya sita. Alianza kuteguka maneno mchana, jioni mkono wa kulia ukalegea, na usiku akanyamaza kabisa. Macho yamefumbuka. Hatikisiki, hatetemeki, hajibu. Ukimwita anageuka kidogo, kisha hapana.

Mama alikuwa amekwishafika kutoka Tanga. Aliketi pembeni akisoma uradi wake kwa sauti ndogo. Shemeji yangu aliuliza korido nzima kama ndiyo basi. Hata mimi niliona ndiyo basi. Walimpiga picha upesi. Uvimbe ulikuwepo, lakini haukuwa umeongezeka kiasi cha kueleza ukimya ule.

Daktari wa zamu, msichana mdogo tu, ndiye aliyesema, "Naomba EEG sasa hivi." Ilikuwa usiku wa manane. Mashine ililetwa kitandani. Zile njia za twende kilioni nilizomsuka zilikuwa bado zipo, zimelegea, na waya zikabandikwa kwa dakika chache.

Sikuhitaji kuelezwa. Mistari ya kushoto haikuwa mivivu tena. Ilikuwa inapiga miiba, mmoja baada ya mwingine, bila kupumzika, kama cherehani. Ilikuwa kifafa, kifafa cha ndani kisichotikisa mwili, kinachoendelea saa baada ya saa huku mgonjwa amelala kimya na jamaa zake wakimwaga kwa macho. MRI haiwezi kukiona, kwa kuwa inapiga picha ya nyama ya ubongo na si ya umeme wake. Mtu akisimama pembeni ya kitanda haoni kitu. Na tofauti na kirusi, hiki kina dawa.

Walimpa dawa ya kwanza kwenye mshipa. Miiba ilipungua, ikarudi. Wakampa ya pili, pamoja na steroidi za kutuliza uvimbe. Tulikaa tunaangalia skrini kama watu wanaoangalia mpira dakika za mwisho, hatuelewi sheria zote lakini tunajua nani anashinda. Kufika saa kumi na moja alfajiri mistari ilikuwa imetulia. Saa mbili asubuhi alimgeukia Mama akasema, kwa ulimi mzito, "Kichwa kinanata." Ilikuwa ile gundi.

Mama alinishika mkono. "Umesikia? Kichwa ki-na-nata."

Sitaki kuwadanganya kwamba kuanzia hapo ilikuwa mteremko. Alikaa hospitali miezi miwili na nusu. Alipimwa EEG tena mara kadhaa, kuhakikisha kifafa hakijajificha, na kila mara delta ilikuwepo, ikipungua polepole. Mkono wa kulia haujarudi wote. Anaandika kwa kompyuta. Hawezi tena kazi ya chekechea, maana watoto ishirini wakisema kwa pamoja maneno yote yanampotea. MS bado ipo, na alikaa muda mrefu bila dawa yoyote kabla ya kupewa nyingine inayofanya kazi kwa njia tofauti. Dawa ya kifafa anameza asubuhi na jioni, na hawezi kuendesha gari kwa sasa.

Mnaotumia Tysabri au jamaa zenu wanaoitumia, msikimbie kuiacha kwa kusoma haya. Wengi wanaoitumia hawatapata PML kamwe, na wengi wanatembea kwa sababu yake. Mdogo wangu mwenyewe anasema ile miaka minne na nusu haiuzi. Lakini ijueni namba yenu ya JC na tarehe mliyoipimwa, na muulize MRI inayofuata ni lini. Na kama mgonjwa anaongea lugha nyingine nyumbani, mwambieni nesi tangu siku ya kwanza, hata kama Kiingereza chake kimenyooka. Mkalimani hapa ni bure, na unaweza kuomba apimwe kwa lugha zote mbili. Kwetu imeandikwa sasa kwenye faili lake, mstari mmoja: familia ikisema Kiswahili chake kimebadilika, apimwe.

Mama alirudi Tanga mwezi wa sita. Wanaongea kila jioni, dakika arobaini, na shemeji yangu anasema ni kama mtihani wa darasa la saba: methali, majina ya samaki, nani alimwoa nani pale Chumbageni. Mdogo wangu analalamika lakini hakosi. Jumapili hii anakuja kwangu kusuka. Amesema nisimsuke nyembamba, njia ziwe pana, kwa sababu mwezi ujao ana kipimo kingine.